Nywele za Xaveria

Sisimizi walikuwa wamekosea njia.

Sisimizi ndivyo Kokuhirwa alivyoiita ile mistari midogo, myeusi na myeupe, inayotembea kwenye kioo cha kompyuta ikizunguka kitu unachotaka kukikata kwenye picha. Ukibonyeza kitufe cha kumtafuta mtu, sisimizi hutoka, humzunguka mtu huyo kichwa, mabega na mikono, na chochote kilichobaki nje ya mstari wao ni cha kutupwa. Hukosea mara moja moja. Hula ncha ya sikio, au humeza kipande cha kiti. Lakini alasiri ile, katika studio yake ndogo pale senta ya Kihanga, walimzunguka mwanamke wa kwenye picha vizuri kabisa mpaka bega la kushoto, kisha wakamwacha. Wakaingia gizani katikati ya migomba iliyokuwa nyuma yake, wakapanda, wakazunguka kitu kirefu ambacho hakikuonekana, ndipo wakarudi kwenye nywele zake.

"Leo mmekunywa rubisi nyinyi," Kokuhirwa aliwaambia, akabonyeza upya.

Wakapita palepale.

Hakutishika. Alikuwa fundi, na fundi hatishwi na chombo chake. Kumkata mwenye kipara hata mtoto anaweza. Kazi iko kwenye vitu visivyo na ukingo, kama manyoya ya mbuzi wa zawadi, shela ya bibi harusi, na zaidi ya vyote nywele timutimu ambazo hazijaona chanuo. Wapiga picha wengi wa Karagwe na Kyerwa humaliza maneno kwa kuzungusha kalamu ya kukatia kichwani, mteja akatoka na kichwa laini kama yai. Kokuhirwa aliwacheka waziwazi, akawaita vinyozi. Yeye alikuwa anaachanisha unywele na unywele, na ukimweka mteja wake mbele ya Mnara wa Babeli ungeapa alizaliwa pale.

Picha ile ililetwa asubuhi na mkulima mmoja wa Kimuli, jina lake Ndyamukama, mtu mzima mwenye koti la Jumapili na viatu vyenye tope la barabarani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni mke wangu, Xaveria." Alimkabidhi simu kwa mikono miwili. "Jumapili ijayo tunamsomea misa ya mwaka mmoja. Nataka bango kubwa, na picha ya kuweka mezani. Mtoe hapo migombani, umwekee mbingu ya bluu."

"Nitamtoa, baba. Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Lakini nywele zake, waitu, usiziguse. Hata unywele mmoja usikate. Alizipenda mno."

"Hapo umefika penyewe," alisema Kokuhirwa, na moyo wake ulijaa furaha, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza mteja kuomba kitu hicho kabla hajaelezwa.

Xaveria alikuwa amepigwa picha akiwa nyuma ya nyumba, nusu amegeuka, kanga kiunoni, macho yamevimba. Hakuwa anatabasamu. Mtu mwingine angeuliza kwa nini mwanamke aliyependa nywele zake kiasi hicho hakuzichana siku ya kupigwa picha. Kokuhirwa hakuuliza. Jicho lake lilikuwa limezoea kutazama kingo za watu kuliko watu wenyewe, na nywele zile zilikuwa mtihani mzuri kuliko yote aliyowahi kuletewa. Tena alikuwa na haja nao. Studio kubwa ya Bukoba ilikuwa inatafuta fundi wa kuhariri picha, na ilimtaka afike Januari na kazi yake ngumu kuliko zote. Mumewe, Gideon, alikuwa mtumishi huko Bukoba, mwaka wa tatu sasa, akija nyumbani mwisho wa mwezi kama mgeni. Kazi hiyo ingewaweka chini ya paa moja, yeye na Gideon na binti yao Ainembabazi.

Basi akajifungia na nywele za Xaveria siku mbili.

Siku ya kwanza alitoa migomba. Nyuma ya mwanamke ikabaki ile miraba ya kijivu na nyeupe ambayo programu huiweka pasipo na kitu. Siku ya pili aliivuta picha mpaka kichwa kikajaa kioo kizima, ndipo alipoona kuwa kisogoni, ndani kabisa ya nywele, kumesalia ukungu usiotaka kutoka. Akavuta zaidi. Vilikuwa vitu vinne vya kijivu, vimelala sambamba kati ya unywele na unywele, na cha tano kifupi kimekaa pembeni.

Alivitazama kwa muda. Kisha akajiambia ni majani makavu ya mgomba, maana mtu akishinda kibanjani hutoka na takataka kichwani.

Akashika brashi ndogo kuliko zote. Akafuta cha kwanza kwa uangalifu, akizunguka kila unywele bila kuugusa, kisha cha pili, cha tatu, cha nne. Alipofuta kile kifupi cha pembeni, studio nzima ilinuka ghafla majani ya mgomba yaliyooza na udongo uliofukuliwa leo, na nyuma ya kiti chake, karibu sana, akasikia sauti ya chanuo likipita kwenye nywele kavu. Krrr. Likatulia. Krrr.

Aligeuka. Palikuwa na ukuta, na shati la maonyesho la kupigia picha za paspoti, limetundikwa kwenye msumari.

Jioni hiyo alihifadhi kazi yake kwenye kompyuta, akaiweka pia kwenye flashi kwa ajili ya Bukoba.

Ndyamukama alipokuja kuchukua picha zake Alhamisi, aliishika ile ya mezani akalia bila kujificha. Nywele zote zilikuwapo, zimesimama mbele ya mbingu ya bluu kama zilivyosimama siku ile.

"Umemtoa," alisema. "Angefurahi. Miezi yake ya mwisho kila usiku alikuwa ananiambia, niachie nywele zangu. Nami nilikuwa sijamshika."

Kokuhirwa alimpa pole. Mteja mwingine alikuwa mlangoni.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Ainembabazi, mwenye miaka sita, alikuwa anashinda studio na mama yake. Januari angeanza darasa la kwanza, na huko lazima anyolewe, ndiyo sababu mama yake alimwachia nywele zijae mpaka Krismasi ipite. Zilikuwa nyingi, laini, zimefunga kichwa kama wingu. Ijumaa asubuhi mtoto alikuwa amekaa sakafuni akichora.

"Mama, usinivute."

Kokuhirwa alikuwa kwenye printa, upande wa pili wa chumba. "Nani anakuvuta?"

Mtoto aliinua uso, akaona mama yake yuko mbali.

Siku iliyofuata hakula uji. Jumapili alishinda na mkono kisogoni kama mtu mwenye jipu, na Jumatatu homa ikampanda. Zahanati wakampima damu, wakasema haina kitu, wakampa vidonge. Nywele zake, ambazo mama yake alizisuka kila jioni, asubuhi zilikuwa zimefumuliwa na kuchanwa zote kuelekea nyuma, zimesimama, kana kwamba kuna mtu aliyelala akizishika. Na kila Kokuhirwa alipoinama kumpa dawa alisikia harufu ile ya majani, ikitoka si kwa mtoto bali nyuma yake, hapo kati ya mtoto na ukuta, ambapo hata paka asingepita.

"Aine, mwanangu, niambie. Unaona nini?"

"Sioni," mtoto alinong'ona. "Yuko nyuma. Ananishika polepole. Amesema nisigeuke."

Kokuhirwa aliogopa. Alilelewa Muleba, kwa baba mfanyabiashara, Mlutheri wa kuimba kwaya, ambaye mambo ya majini aliyaita upuuzi wa watu wasio na shughuli. Lakini hofu ya mzazi haiulizi dhehebu. Alikumbuka maneno ya Ndyamukama, akampigia simu palepale.

"Baba, samahani. Ile picha ya mama uliipiga lini?"

"Siku ya tatu baada ya kumzika mama yake," Ndyamukama alisema. "Alikuwa ananiuliza, nyuma yangu kuna nani? Kila saa, nyuma yangu kuna nani? Nikampiga picha nimwonyeshe hakuna mtu. Nikamwambia, tazama, ni migomba tu." Alikohoa. "Kwa nini, mwanangu? Kuna nini?"

Alipoelezwa hakubisha. Alishangaa kwa lugha ya kwao, "Mawe! Ngoja nimlete Salvina."

Salvina alifika kesho yake mchana juu ya bodaboda, mvua ikianza kudondoka. Kimuli nzima walimjua kama mnyoaji wa misiba, mama mfupi wa miaka sitini na ushei, mwenye rozari shingoni na wembe uliofungwa kwenye pindo la kanga. Chini ya kwapa alikuwa na ile picha ya mezani. Humo Xaveria alikuwa amekatwa nywele zote kwa wembe, kuzunguka fuvu, na bango nalo, alisema, wamelifanya vivyo hivyo.

"Ndyamukama amelia kama siku ya mazishi," alisema. "Nimemwambia lia, lakini nakata. Mtoto yuko wapi?"

Alimtazama Ainembabazi aliyekuwa amelazwa kwenye benchi la wateja. Hakumgusa kwanza. Alinusa hewa ya nyuma yake, akakunja uso.

"Ni Xaveria?" Kokuhirwa aliuliza kwa sauti ya chini. "Au ni mama yake?"

"Usiwasingizie marehemu, waitu. Wao wana safari yao. Huyu ni jini tu, wa migombani, hana kwao. Watu wakilia bila kuchana, huja kunusa. Husimama nyuma ya anayelia, akamshika nywele. Ndiyo maana siku ya nne tunanyoa. Wembe ukipita anabaki na nywele mkononi, tunazizika kwenye shina la mgomba, naye anabaki hukohuko." Alifungua pindo la kanga. "Xaveria alinirudisha na wembe wangu. Jumamosi ile alikuwa matroni wa harusi, hataki kwenda na kipara. Nikamwambia, sikio la kufa halisikii dawa. Akanicheka. Na wewe ukaja ukamfuta yule pale alipokuwa amesimama, halafu nywele alizozishika ukazitunza moja moja! Ungekuwa fundi mbovu, mwanangu, ungemnyoa bila kujua, na mambo yangeishia hapo."

Kokuhirwa aliinamisha kichwa. Aliwakumbuka wale aliokuwa akiwaita vinyozi.

Salvina alimnyoa mtoto kwanza, kisha akamnyoa mama, kwa maji ya baridi, bila haraka. Nywele zote alizikusanya kwenye jani bichi la mgomba. Kisha akaielekeza kompyuta kwa wembe.

"Sasa na humo. Hapo kinyozi ni wewe. Mimi hayo mashine siyajui."

Mlango ulifungwa. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi cha kutosikilizana, na Kokuhirwa akaifungua picha, akashika kalamu ya kukatia, akaanza kuizungusha kwenye fuvu la Xaveria kama wanavyofanya wale wenzake aliowadharau, na kila alipokata, nywele zilizomgharimu siku mbili na macho yake zilidondoka na kuwa miraba mitupu, na harufu ikazidi, majani na udongo na kitu kingine chini yake, kitu kama pumzi ya mtu aliyefunga kinywa siku nyingi, na ile sauti ya chanuo ikaanza nyuma ya kiti chake, krrr, krrr, akaisikia juu ya mvua, akaisikia vizuri kuliko mvua, ikipita kwenye kichwa chake mwenyewe kisicho na nywele, ikitafuta, ikiteleza, ikirudi kutafuta, huku Salvina akisali Salamu Maria kwa sauti kubwa na kumkemea katikati ya sala, "Usigeuke, kata! Kata, usigeuke!" na mtoto akilia kwenye benchi, mpaka mkono wa Kokuhirwa ukafika kisogoni, pale palipokuwa na vile vitu vitano, ukakata.

Mlango ulifunguka wenyewe ukajigonga ukutani. Kitu kirefu hakikuonekana kutoka, lakini matone ya mvua pale kizingitini yaliacha nafasi, kisha nafasi ikafunga.

"Mama," Ainembabazi alisema. "Nina njaa."

Kokuhirwa alimkumbatia, akalia mpaka akakosa sauti. Salvina alifunga lile jani kwa kamba ya mgomba, akakaa kupumzika.

"Nyingine ipo?" aliuliza.

"Ipi?"

"Picha yenye nywele. Hata moja. Kwenye simu, kwenye karatasi, popote. Kwenye simu ya Ndyamukama nimeshaifutisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Ipo?"

Flashi ilikuwa kwenye droo, nusu hatua kutoka kwenye goti lake. Kokuhirwa alimwona Gideon akishuka kwenye basi mwisho wa mwezi, na mtoto akimwamkia kwa aibu kama mjomba wa mbali. Wiki tatu tu. Angewaonyesha mara moja, kisha angefuta. Na jini mwenyewe si ameshatoka? Wameona wote.

"Hakuna," alisema.

Salvina alimtazama. "Kinyozi hajinyoi," alisema. "Ningekuwa najua haya mashine, ningefuta mwenyewe." Kisha akajifunika kanga, akaenda kuzika nywele.

Krismasi ilikuwa nzuri. Gideon alikuja, akashangaa kuona vipara viwili nyumbani, akavitania. Ainembabazi alikula matoke mpaka akaomba tena, akacheza, akalala usingizi wa kawaida. Kokuhirwa alikaa siku nyingi bila kuigusa droo, na taratibu akaacha kuifikiria.

Jumatano ya kwanza ya Januari, saa nne asubuhi, jua likiwa kali nje na mafundi baiskeli wakibishana barabarani, alimketisha binti yake kwenye stuli mbele ya ukuta mweupe. Shule ilitaka picha mbili za paspoti zenye nyuma ya bluu, na kesho yake wangepanda basi pamoja kwenda Bukoba kuonyesha kazi. Flashi alikuwa ameshaichomoa kwenye droo. Ilikuwa mezani, kando ya kompyuta.

Alipiga picha, akaihamisha, akarudi kitini kwake. Kipara cha mtoto kilikuwa kinang'aa. Ilikuwa kazi ya dakika moja, isiyo na unywele wa kuhangaikia, na Kokuhirwa alitabasamu akabonyeza kitufe cha kumtafuta mtu.

Sisimizi wakatoka. Walipita bega, wakapita shingo, wakazunguka sikio la kulia, wakapanda juu ya kichwa laini bila kusita. Katikati ya utosi, pasipo na kitu, wakakiacha kichwa. Wakapanda kidogo, wakashuka. Wakapanda, wakashuka. Walifanya hivyo mara tano, kisha wakafuata kitu chembamba kilichoinuka kutoka utosini, wakaenda nacho juu ukutani mpaka picha ilipoishia.

Kelele za mafundi baiskeli zilikuwa bado zinaendelea nje, lakini alizisikia kwa mbali. Chumbani kulinuka majani ya mgomba.

"Aine," aliita, bila kuthubutu kuondoa macho kwenye kioo. "Shuka kwenye stuli. Njoo kwa mama."

Stuli haikulia.

"Aine, mama. Njoo."

"Siwezi," mtoto alinong'ona. "Hajapata nywele, mama. Ameshika kichwa."